Uvimbe Ulioitwa Mgongo

Nilisikia chuma kabla sijafungua dirisha. Katika kambi ya wafanyakazi wa reli, hapa Kalemie, kuna kipande cha reli kilichotundikwa karibu na karakana. Kikigongwa haraka haraka, watu wanaitwa kazini. Kikigongwa mara moja, kikanyamaza, kisha kikagongwa tena, mtu amekufa. Asubuhi ile ukungu wa ziwa ulikuwa umeziba kila kitu, hata ukuta wa jirani sikuuona. Nilisimama na mswaki mdomoni, nikingoja pigo la pili lije upesi, liwe la kazi. Halikuja upesi. Sauti ya mama jirani ikapenya katikati ya ukungu: “Mwalimu, ni yule fundi wako. Amekwisha.”

Wasomaji wangu mmezoea kunikuta katika safu hii nikizungumza habari za vitabu. Leo niruhusuni nimzungumzie mtu ambaye hakuwa na kitabu hata kimoja nyumbani, lakini bila yeye nisingeandika hata ukurasa. Alikuwa mkereza vyuma katika karakana ya reli. Mashine yangu ya kuandikia ilipovunjika mkono, nilizunguka mji mzima nikaambiwa nisubiri kipuri kutoka Ulaya. Yeye aliigeuzageuza, akacheka: “Ulaya gani tena? Hiki ni chuma tu, mwalimu.” Baada ya siku mbili akaniletea mkono mpya, mzito kuliko wa kwanza, nao ndio ninaoutumia hadi leo. Tangu hapo alizoea kupita kwangu Jumamosi baada ya kazi, akanywa chai, akaniuliza mtu niliyemwacha mgonjwa katika hadithi yangu anaendeleaje. Nikimjibu kwamba nafikiri atakufa, alikuwa akikasirika kweli kweli.

Jumamosi moja alikataa kukaa. Alisimama akiegemea mlango, akaniambia kwamba korodani yake moja imekuwa ngumu kama jiwe, inakua, na jambo la ajabu ni kwamba haiumi. Wenzake karakanani walikwisha kuona jinsi anavyotembea. Mji wetu unajua ugonjwa mmoja tu wa pale, mshipa, ambao kwingine huitwa busha, nao ni wa kuchekwa. “Fundi, muhogo ya nani hiyo unaficha ndani ya patalo?” walimwuliza wakiitazama suruali yake. “Ya bibi yako,” aliwajibu, wakavunjika mbavu. Kwangu hakucheka. Nilimwambia aende hospitali kesho yake. Ndipo aliponieleza kilichomfunga. Mfanyakazi wa reli haonwi na daktari bila karatasi ya zahanati ya kambi, na karatasi haitolewi kabla ya mwuguzi kukuvua nguo na kukupima. Mwuguzi alikuwa mmoja. Ndiye aliyemzaa mke wake.

Asiye wa kwetu ataona ni jambo dogo. Kwetu mtu na baba mkwe wake hawaogi ufuko mmoja. Mmoja akimwona mwenziwe majini hugeuka na kurudi alikotoka. Hawali sahani moja. Hata kuongea, wengi hupitia kwa mtu wa tatu. Kumwonyesha baba wa mkeo mahali pale ni kumvua nguo mkeo mbele ya baba yake. Yeye aliamini hivyo, na mimi, ambaye husema katika mikutano ya waandishi kwamba nimesoma na nimeendelea, niliamini hivyo pia.

Mwishowe alikubali kwenda, ila kwa sharti kwamba niende naye. Mzee mwuguzi, ambaye sote tulimwita Papa kwa heshima, alikuwa nyuma ya meza, amevaa abakosti, lile koti letu lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi vizuri, miwani imeshuka puani. Hakumtazama mkwewe. Alinitazama mimi.

“Mwalimu, muulize, maumivu iko wapi?”

Fundi akaniinamia kama vile mzee hakusikia. “Mwambie Papa, ni mugongo.”

“Papa, anasema ni mgongo.”

“Muulize, tangu siku ngapi?”

“Mwambie Papa, siku mingi.”

“Hakuna kitu kingine?”

Fundi alinikodolea macho, na macho yale yalikuwa yakiniomba. Mzee alisubiri, kalamu hewani. Hilo ndilo swali nitakalolijibu tena na tena maisha yangu yote.

“Hakuna, Papa,” nikasema.

Akaandika daftarini: mgongo. Akatoa vidonge. Tulirudi mara tatu katika miezi iliyofuata, na kila mara mdomo wangu ndio uliobeba ule uongo. Kibaya zaidi ni kwamba kufikia mara ya tatu haukuwa uongo tena. Mgongo ulikuwa ukimwuma kweli, maana uvimbe ulikuwa umepanda.

Alipoanza kukohoa na kukonda, msimamizi wa karakana alimpakia kwenye gari bila kuuliza karatasi ya mtu. Daktari wa hospitali, kijana aliyeletwa kwetu kutoka Lubumbashi, alimkata korodani ile kupitia kinenani, akatia kipande katika chupa ya dawa na kukituma kwa treni kikapimwe. Majibu yalipofika aliniita pembeni. Alisema uvimbe mwingi wa mahali pale, unaowapata vijana, siku hizi una dawa ya kutiwa mishipani, na kwenye nchi zenye dawa hiyo wengi wanapona hata kama umekwisha kusambaa. “Lakini huu si ule,” alisema. “Huu ni wa nadra. Dawa ile haiuwezi. Huu unataka kisu, tena mapema, ungali mahali pake. Ukishafika mapafuni, tunampunguzia maumivu, basi.”

Nilimwuliza kama angewahi angepona. Alisema kitabu chake kinataja wagonjwa wachache tu, wengine waliishi miaka mingi, wengine walikufa upesi ingawa walikatwa mapema. “Sina watu wa kuwahesabu, mwalimu. Labda wapo Kabimba, labda wapo Kiambi. Hawafiki kwangu.” Nikafikiria daftari la zahanati. Mtu wa baadaye akilifungua kutafuta ugonjwa huu, hatamkuta fundi. Atakuta mgongo. Sijui ni wanaume wangapi wamelala makaburini mwetu kwa jina la mgongo, na redio inatuhimiza kila siku tuheshimu mila za mababu, bila kutuambia mgonjwa apite wapi ili azikwepe.

Kama kuna funzo, ni hili dogo, nalo halimrudishi mtu. Jiwe lisilouma pale ndilo la kuogopwa. Na wewe uliyeambiwa siri ya mgonjwa usijisifu kwamba umeitunza.

Siku ya nne baada ya maziko mzee alikuja kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa tatu kati yake na neno lake.

“Ulijua?”

“Nilijua, Papa.”

“Tangu ile siku ya kwanza?”

“Tangu siku ya kwanza.”

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la abakosti, muda mrefu. “Unafikiri ni yeye wa kwanza kuwa mukwe wangu ndani ya ile kambi? Wote wanaoa mabinti ya jamaa yetu. Muntu akisema tu ‘Papa, ni mambo ya wanaume,’ minatia sahihi ile karatasi bila kumuona. Miaka yote minafanya vile.” Akavaa miwani. “Neno moja, mwalimu. Ungesema hata wewe.”

Aliniangalia kidogo, kama anayengoja mgonjwa amjibu, kisha akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.