Asubuhi Pikipiki ya Bwana Barabara Ilipogoma

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa kitambaa na kopo la petroli, nikaambiwa nioshe vyuma. Ilikuwa karakana ya serikali pale Njombe, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa nimetoka kijijini na darasa la pili la shule ya misheni, shati moja, na mikono hii. Wenzangu waliosoma zaidi walikwenda kuwa makarani. Sikuwaonea wivu wakati ule na siwaonei leo. Walipata viti, mimi nikapata kazi.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Mkuu, Kalasinga mwenye kilemba cha kijivu, ndevu amezifunga zisinaswe na mkanda wa mashine. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Mara ya kwanza nilipopewa pikipiki isiyowaka, nilikimbilia kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Akanichapa kofi la kisogo.

"Petroli imekukosea nini wewe?"

"Haiwaki, Fundi."

"Hilo hata mbuzi anaona. Cheche umeiona?"

"Bado."

"Basi unamzika mtu hujamshika mapigo. Toa plagi!"

Nawaeleza vijana jinsi ilivyokuwa, maana pikipiki za sasa mnabonyeza kitufe tu. Zile za Kiingereza za silinda moja hazikutegemea betri kuwaka. Zilikuwa na sumaku, yaani magneto, inayozungushwa na injini yenyewe na kuzaa umeme. Ukipiga kiki, sumaku inazunguka, platini zinafunguka, umeme unaruka kwenye plagi. Platini ni vile vidomo viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Fundi Mkuu alitaka ufuate njia ya umeme kutoka mwisho kurudi nyuma. Unaitoa plagi, unaivika waya wake, unailaza juu ya injini chuma kwa chuma, unaikinga kwa kofia ili uone vizuri, unapiga kiki. Cheche ya bluu inayolia ta! ni nzima. Ya njano iliyolegea ni mgonjwa. Usipoona kitu, jaribu waya bila plagi. Bado hakuna, nenda kwenye platini, zisafishe, pima uwazi wake. Bado, ingia kwenye sumaku.

Akatufundisha na hili: pikipiki ikikataa asubuhi kwenye baridi, tafuta unyevu. Ikikataa ikiwa imeshapata moto, shuku kondensa, kile kikopo kinachozuia platini zisiungue. Na sumaku usiibanike motoni kamwe. Kwetu Ubenani kila kitu tunakianika juu ya jiko, mahindi, kuni, hata viatu, kwa hiyo kila kijana mpya alitaka kuianika na sumaku. Ndani yake nyaya zimeshikwa kwa gundi. Gundi ikipata joto inayeyuka, ikipoa inaganda pale isipotakiwa, na sumaku imekufa.

Nilipoiva nikaoa. Nilimwoa Elina wa Matembwe, tukajenga kwa mama yangu nje kidogo ya Njombe. Hatujakaa sana, amri ikaja: nihamie Makambako.

Msiitazame Makambako ya leo yenye reli, malori na nyumba za wageni. Wakati ule ilikuwa njia panda, kambi ya barabara, ghala la mafuta na upepo. Upepo ule ulikuwa unapiga bati mchana kutwa mpaka unasahau kuna ukimya. Kambi ilikuwa ya wanaume, wake hawakuruhusiwa, chumba kimoja kitanda kimoja. Wakinga walikaa na Wakinga, Wahehe na Wahehe. Mbena nilikuwa peke yangu. Jioni wenzangu walikwenda kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, mimi sinywi, nikabaki nikinoa vitu ambavyo havikuhitaji kunolewa. Kuna siku ilipita sikusema neno ila "plagi" na "ndiyo Bwana".

Mkubwa wetu pale alikuwa Bwana Barabara, Mwingereza mrefu aliyekagua barabara kwa pikipiki kuukuu iliyobaki tangu vita. Alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo. Mafundi tulikuwa wawili, mimi na Samweli, Mkinga mcheshi ambaye kila mtu alimpenda. Kwa spana alikuwa hodari. Kwa umeme alikuwa anabahatisha.

Habari za nyumbani aliniletea Yohana, kaka yake Elina, dereva wa lori la mbao. Kila akipita njia panda alipiga honi, nami nilitoka mbio kama mtoto.

"Kamwene, shemeji. Mama yako miguu imevimba tena. Elina ndiye anamgeuza kitandani, ndiye analima, ndiye anakata kuni."

"Anasemaje?"

"Anasema wewe u mzima?"

"Mwambie ni mzima."

"Shemeji, dada yangu si mjane. Mimi nimechoka kubeba salamu kama nabeba mbao."

Nikamfungulia boneti, nikamkazia mkanda wa feni.

Kisha Fundi Mkuu akaomba mtu mmoja kutoka Makambako arudi karakana ya Njombe, moja kwa moja, asihamishwe tena. Nilikwenda kwa Bwana Barabara nimeshika kofia mkononi, nikamweleza habari za mke na mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Njombe nataka mtu moja," alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi napeleka ile mimi hapana hitaji. Wewe ama Samweli, mimi ataangalia. Asubuhi mimi nakwenda Njombe, nasema jina."

Nilitoka nikijua maana yake. Asiyefaa ndiye angekwenda nyumbani.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya Juni, ukungu mzito na manyunyu, mtu haoni ncha ya bomba la moshi la lori. Lori la Yohana lilikuwa limesimama hapo, injini inaunguruma, anasubiri ukungu uinuke; maneno ya Bwana nilikuwa nimeshamweleza. Bwana Barabara akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena na tena mpaka kofia ikaanguka. Vibarua wakaitwa kusukuma. Walisukuma mpaka mteremkoni na kurudi, wakiimba, mmoja anapaza sauti, "Farasi wa Bwana kalala! Mpeni majani!" Bwana mwenyewe akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Samweli!"

Samweli akaja na spana zake. Moja kwa moja akaanza kufungua kabureta.

Nilikuwa nimesimama karibu na lori. Yohana akateremsha kioo, akainama, akasema taratibu, "Shemeji, nyamaza. Hukuharibu wewe. Imekataa yenyewe. Nawe ukiitwa, sema hujui. Neno moja tu, hujui, na leo hii unapanda hapa na mimi."

Alikuwa na haki. Sikutakiwa kuiba wala kuvunja. Nilitakiwa kusimama tu.

Nikasimama. Samweli akatoa kabureta yote, akaipuliza, akairudisha. Kiki. Kimya. Akatoa plagi, akaifuta kwenye suruali, akairudisha bila hata kutazama kama cheche inaruka. Kiki. Kimya. Kisha akamgeukia kibarua mmoja: "Lete makaa. Hii sumaku imelowa, tuipashe moto."

"Fundi wewe!" Bwana Barabara akaniita. "Wewe nasema nini? Iko sawa hii?"

Yohana akagonga mlango wa lori kwa kidole, polepole. Nilimsikia.

Makaa yalikuwa yanakuja kwenye karai.

"Si sawa," nikasema. "Itaua sumaku. Niachie."

Sikumtazama Yohana. Nilivua koti nikalitandaza juu kuzuia manyunyu. Plagi, hakuna cheche. Waya bila plagi, hakuna. Platini safi, uwazi wake sawa. Nikafungua pale waya unapoingia kwenye sumaku, ambapo kuna kaa dogo la kaboni linalosugua pete na kupokea umeme. Ndani mlikuwa na umande, na vumbi jeusi la kaa limegeuka tope. Umeme ulikuwa unatoroka kupitia tope hilo kabla haujafika kwenye plagi. Nikafuta kwa kitambaa na petroli, nikakausha kwa kitambaa kingine kilichokuwa kifuani mwangu na joto la mwili. Nikakata karatasi ngumu, nikaipaka nta ya mshumaa, nikaifanya kizibo. Nikafunga.

Kiki ya kwanza ikawaka.

Vibarua wakashangilia. Samweli akanipiga begani, "Kaka, wewe mchawi." Bwana Barabara akavaa kofia yake, akanipa mkono, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu. "Wewe hapana toka hapa," akasema, na alikuwa ananisifu. Akaondoka kuelekea Njombe.

Yohana alikuwa bado ameshika usukani.

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie ni mzima."

"Hilo nitamwambia." Akaingiza gia. "Lakini leo nitamwambia nimekuona kwa macho yangu, unaitwa nyumbani, unafunga plagi."

Samweli akahamia Njombe kabla mwezi haujaisha. Mimi nilibaki Makambako mpaka Mwingereza alipoondoka, na baada yake wakubwa Waafrika nao waliniona mtu wa kutoondolewa. Mama alifariki nikiwa huko. Nilimzika kwa ruhusa fupi, nikarudi kazini. Watoto tulipata, wa likizo, wakanizoea kama wanavyozoea mjomba. Elina hakuwahi kuniuliza juu ya asubuhi ile. Ningependa angeuliza.

Vijana huniuliza kama najuta. Sijutii kuiokoa sumaku. Mtu akiona chuma kizuri kinapelekwa motoni kwa ujinga na yeye ana dawa, akanyamaza, basi huyo si fundi. Lakini nasema pia, msije mkadhani kazi itakurudishia shukrani pale ulipoiacha nyumba. Kazi inakupa kazi nyingine. Niliijua sauti ya kila pikipiki iliyopita njia panda ile, na sikuijua sauti ya mlango wangu mwenyewe.

Nilipostaafu nilirudi Njombe na sanduku la spana. Elina alikuwa uani anapepeta mahindi, kichwa kimejaa mvi ambazo sikuziona zikiota. Alisimama, akapiga goti kunisalimu kama anavyosalimiwa mkubwa aliyetembelea, akanipokea sanduku, akanikaribisha kiti. Akaingia jikoni. Nilimsikia akichochea moto, akiosha kikombe. Kisha akatoka, akasimama mlangoni na birika mkononi, akaniuliza kwa heshima, mke wangu wa ndoa:

"Baba, wewe chai unakunywa na maziwa, au ya rangi?"