Mkaza Mwana wa Kwenye Simu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kabla ya kuugua alikuwa na mdomo. Mteja akileta kitambaa kidogo kuliko mwili wake anaambiwa palepale, anacheka, na kesho anarudi. Kisha kiharusi kikampata. Mkono ulipona, mguu ukapona, ulimi ukabaki mzito. Daktari alisema aongee kila siku, la sivyo maneno yatazidi kumpotea. Yeye akaona atachekwa, akafunga mdomo kabisa. Wateja aliwaonyesha kwa vidole, nami nikawa mkalimani, kazi ambayo sikuiomba. Nilimbembeleza, nikamgombeza, wapi!

Aliyemweza ni Vituko. Walijifunza kushona pamoja usichanani, kisha Vituko akaolewa mbali, akajiunga na kikundi cha maigizo cha mtaani kwao. Siku moja akapiga simu, sauti juu.

"Mwenzangu, nimepewa mama mkwe! Mkali, balaa! Ila sina wa kufanya naye mazoezi. Mume wangu akishika karatasi anasinzia. Nakutumia maneno, wewe uwe mkaza mwana."

Wifi akatikisa kichwa, kana kwamba simu ina macho.

"Si... siwezi," akasema mwishowe.

"Unaweza. Huyo mkaza mwana mwenyewe mwoga, anaongea kwa kukwamakwama. Ukimharakisha utaniharibia."

Basi ikawa kila alasiri simu inaegemezwa kwenye kopo la vifungo, Vituko anafoka, wifi anajikongoja. Akikwama, anasifiwa: "Hapohapo! Mpaka nataka kukuonea huruma!" Mimi napiga pasi huku nimeuma midomo nisicheke.

Taratibu mkaza mwana akapata ujasiri. Alasiri moja akagonga meza kwa mkasi: "Hapa ni kwangu! Toka wewe!" Kumbe mlangoni kasimama mama mmoja na sketi yake ya kubadilishwa zipu. Akageuka mbio.

"Rudi, mama!" wifi akaita. "Si wewe, ni mama mkwe!"

Akarudi, ila kwa tahadhari. Mimi nikajifanya natafuta uzi chini ya meza, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Onyesho likafanyika, lakini Vituko akawa mgumu kutuma video. Mume wangu akaitafuta mwenyewe kwenye ukurasa wa kikundi chao, tukakusanyika kutazama. Mama mkwe alikuwa mwanamke mwingine, mrefu. Tukamngoja Vituko. Karibu na mwisho akatokea na sinia la vikombe, akaliweka mezani, akaondoka. Hakusema neno.

"Labda wamemnyang'anya nafasi," mume wangu akasema.

Wifi alikwishapiga simu. "Wewe! Mama mkwe wako yuko wapi?"

Vituko akacheka kidogo. "Mimi huku nabeba sinia tu, tangu nijiunge. Ningekwambia ufanye mazoezi ya kuongea, ungekubali?"

Lo! Wifi akampa vidonge vyake. Mwongo, mjanja, mtu wa kumsumbua mgonjwa na karatasi zisizo na maana, na ole wake siku watakayoonana! Maneno yalitoka mfululizo, wala hayakukwama popote. Wifi alipomaliza, akashusha pumzi.

"Asante, mwenzangu," akasema. "Asante sana."

Tukangoja jibu. Upande wa pili Vituko, yule msemaji asiyeshindwa, alikuwa analia tu, hana hata neno moja.