Taa Nyekundu Kwenye Gunia la Mzee Kristofa

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuona haya ovyo, lakini kuna siku moja ambayo mpaka leo, nikimwona mtu wa Kizwite aliyekuwepo, navuka barabara.

Nilitoka Mbeya kuja Sumbawanga, mtaa huo wa Kizwite, kununua mahindi, na msimu huo nikajipatia kipimo cha unyevu, kile cha kuchomeka kwenye gunia: taa ya kijani, makavu; nyekundu, mabichi. Muuzaji aliniapia kinapatia mara tisa katika kila kumi, mimi nikaishika ile tisa, ile ya kumi ikatokea sikio la pili (ndivyo nilivyo, habari mbaya hunipita tu). Nikatangaza kwamba nyekundu haiingii ghalani kwangu, awe mjomba, awe paroko.

Basi akaja Mzee Kristofa na mahindi yake, akisindikizwa na binti yake Yustina, mwalimu wa hesabu, ambaye Jumapili ya wiki ileile nilikuwa nipeleke posa kwao. Mwenye akili angepokea, akashukuru, akanyamaza. Mimi nikachomeka. Nyekundu! Foleni nzima ya wakulima ikageuka, na badala ya kupima tena (kitu cha sekunde mbili, jamani!) nikakaza sauti nionekane mfanyabiashara asiyependelea ukwe.

"Shikamoo baba, lakini haya yamenyunyiziwa maji yaongeze uzito."

"Unaniita mwizi, kijana?"

"Kipimo ndicho kinasema, baba, si mimi."

Mzee hakupandisha sauti. Akachota punje, akanipa. "Haya, ng'ata." Huko ndivyo wanavyopima tangu zamani: mahindi mabichi hubonyea, makavu hukatika ka! Nikang'ata kwa mbwembwe zote, na kweli ikalia ka!, ila kilichokatika ni jino langu la mbele. Nilipolitema kiganjani watu walicheka mpaka bodaboda wakazima pikipiki waje kuona, na mimi, na pengo langu, bado nabisha kwamba kinapatia tisa kwa kumi!

Yustina hakucheka. Machozi ya hasira yalikuwa yanamlengalenga.

"Kiangazi hiki, na upepo huu," akaniuliza, "katika magunia mia, mabichi ni mangapi?"

"Labda mawili."

"Hayo makavu tisini na nane, kipimo chako kikikosea moja katika kila kumi, kitayasingizia mangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Kama kumi."

"Basi hata kikiyanasa yale mawili, taa nyekundu kumi na mbili, kumi ni za uongo. Na wewe kwa taa moja umemwita baba yangu mwizi."

Nikachomeka tena gunia lilelile. Kijani. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili nilikwenda vilevile (msinidhanie mwoga). Mzee akanimiminia chai.

"Juzi nilikupima, ukawaka nyekundu," akasema. "Ila mwanangu anasema kipimo kimoja hakitoshi. Rudi mwezi ujao tukupime tena."

Nikarudi, na nikarudi tena, mpaka nikawaka kijani. Sasa mimi ni mkwe wao, na naapa kwa meno yaliyobaki, simwiti tena mtu mwongo kwa taa moja. Lakini kila nikienda kusalimia, kabla sijapewa hata kiti, mzee ananyoosha kiganja chenye punje moja: "Pima kwanza, mkwe."

Nami nang'ata, kwa magego.