Kitanda cha Bolti Saba

Nyumba yangu ya kwanza pale Dodoma niliipamba kwa vitu vya Wazungu waliohama. Reli ilikuwa imekwisha kupita mjini ikielekea magharibi, na kila kambi ya wajenzi ilipong'oa hema zake iliacha rundo la vitu ambavyo kuvibeba ni ghali kuliko kununua vingine. Mtu mwenye macho, miguu na ulimi aliweza kuitengeneza nyumba nzima kwa mshahara wa mwezi mmoja, mradi asione haya kukalia kiti alichokalia mtu asiyemjua.

Haya hiyo sikuzaliwa nayo. Natoka milima ya Kondoa, kwa watu wanaouza asali, na kwetu mizinga huhesabiwa jioni, kisha huhesabiwa tena asubuhi, isije ikawa jioni mtu alihesabu kwa furaha. Kwa mtindo huo nilipata fanusi yenye kioo kilichopasuka, nikakiziba ufa kwa utomvu wa mgunga. Nilipata birika la bati jeupe lililobanduka rangi mdomoni, nikalipunguzia bei kwa kila baka. Sanduku la misumari nililiegemeza ukutani likawa kabati, hadi mchwa walipolila kwa nyuma, likabaki uso mtupu, kama mtu mwenye cheo. Tangu hapo nikaamua kitanda kitakuwa cha chuma. Wadachi wenyewe walilaza reli yao juu ya mataruma ya chuma kwa kuwaogopa mchwa hao hao. Mimi ni nani niwadharau?

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe ya vyumba viwili: ukuta wa miti na udongo, dari bapa ya udongo, na mlango wa kuingilia umeinama. Mke wangu ni Mgogo wa upande wa Mtumba. Kwao watu walilala juu ya ngozi ya ng'ombe na walilala vizuri, kwa hiyo kila nilichoingiza alikitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Kitanda nilikipata Kizota, kwenye kambi ya Mgiriki mmoja mkandarasi aliyekuwa akifunga mizigo. Kilikuwa kimesimama nje juani, kina wavu wa waya na vichwa viwili vya chuma.

"Rupia sita," alisema kwa Kiswahili chake cha relini. "Nimelala hapa miaka mitatu."

"Ndiyo maana kimechoka," nikasema. "Na kina bolti saba."

"Nane."

Tukahesabu pamoja. Kisha nikahesabu tena peke yangu, kwa kuwa yeye alikuwa akihesabu kwa lugha yake. Mbili kila pembe, ila pembe moja ya miguuni ilikuwa na moja. Nikataja rupia tatu.

"Bolti moja si rupia tatu," akasema.

"Si rupia tatu, bwana. Lakini mtu akiangushwa usingizini huamka na hasira ya rupia sita."

Akacheka, nikajua nimekipata. Nililipa tatu, akaniongezea mto uliotoka manyoya. Nilikifungua, nikakipeleka vipande vipande, na kwenye tundu lililokosa bolti nikapigilia kigingi cha mpingo nilichokichonga mwenyewe. Kilikaa barabara. Kasoro yake ilikuwa moja: kila mtu alipogeuka, kigingi kilisuguana na chuma, na kitanda kikalia mlio mrefu mwembamba, kama mwanambuzi aliyefungiwa mbali na mama yake.

"Kinalia," alisema mke wangu usiku wa kwanza.

"Mlio huo ni rupia tatu," nikamwambia. "Lala."

Tulikuwa hatujakilalia hata mwezi pale shemeji zangu wawili walipomleta mama yao juu ya punda. Tumbo lilikuwa limemvimba na chakula hakikai. Mke wangu ndiye binti yake pekee, na mama alitaka kuuguzwa na binti. Nilikuwa sokoni. Niliporudi nilimkuta mke wangu mlangoni, amenyoosha mkono kunizuia.

"Mama yumo ndani," akasema. "Nimemlaza kitandani."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu na mama mkwe wake, kwa desturi yao, hawaonani uso. Hali chakula mbele yake, haketi alipoketi yeye, halali alipolala yeye. Desturi hiyo haina chuki ndani yake. Ni heshima, na niliikubali siku nilipopeleka ng'ombe. Ila siku hiyo sikuwaza kwamba kuna siku heshima itaingia nyumbani kwangu na kulala juu ya kitanda changu, na mimi nibaki nje na kitunguu mkononi.

Nikahamia uchochoroni, ubavuni mwa nyumba, kwenye kibanda cha kuni, nikatandika jamvi. Kati yangu na mgonjwa ulikuwapo ukuta wa udongo unaopitisha kila sauti. Jirani yangu, Mnyamwezi mmoja aliyeacha upagazi kwa sababu ya goti, alikuja kuniangalia kama watu wanavyokwenda kuangalia behewa lililoanguka.

"Hebu nielewe," alisema. "Umenunua kitanda, ukajipatia uchochoro."

"Nimepata kwa bei nzuri."

"Bei nzuri sana. Uchochoro kama huu mimi nisingeutoa kwa chini ya rupia nne."

Nilijaribu kufanya kile ninachokijua. Nilikwenda boma kumtafuta daktari, nikasimama kwenye mstari juani. Zamu yangu ilipofika msaidizi wake akasema mgonjwa aletwe atazamwe. Nikasema hatazamwi na mwanamume. Nikasema nitaeleza mimi anavyoumwa. Akaniuliza nimemwona? Nikasema sijawahi kumwona. Akanipa unga mweupe kwenye karatasi, kwa huruma ya kunihurumia mimi. Unga ule ulikaa tumboni kama chakula kilivyokaa.

Basi nikarudia kununua vitu. Nilinunua bakuli pana la bati la kutapikia, jepesi, ili mke wangu asichoke mkono. Nilinunua godoro la sufi kwa Mhindi wa karibu na stesheni, nikabishana naye hadi akaomba maji. Nilinunua hata kioo cha kunyolea chenye fremu ya mbao. Kila kitu nilikiweka kizingitini, nikakohoa, nikaondoka. Kukohoa ndiyo adabu: ukikaribia alipo mkweo unakohoa, naye ajifunike. Kisha nilisubiri ubavuni nisikie hukumu.

"Mama anasema godoro ni zuri," mke wangu aliniambia kupitia ukutani.

"Na kioo?"

"Anakuomba radhi. Kioo kitoke. Hataki kumwona yule bibi aliyemo."

Nikakirudisha kioo sokoni, nikakiuza kwa faida. Sijawahi kupata faida iliyonikaa vibaya kama ile.

Na kitanda kililia. Mchana kililia mara chache, usiku kililia hadi majogoo wawike. Kila alipojigeuza kutafuta upande usiouma nilisikia kigingi changu kikimtangaza. Nilikuwa nimekipunguzia bei kwa ajili ya tundu lile. Sasa nilikuwa tayari kulipa sita, hata saba, kinyamaze, na hapakuwa na wa kumlipa. Mfanyakazi mmoja wa stesheni alinitafutia bolti ya kipimo chake na nati yake na spana ya kuazima. Bolti ilikuwa mfukoni mwangu, kitanda kiko upande wa pili wa ukuta, na ukuta ni unene wa kiganja.

"Kaza wewe," nilimwambia mke wangu.

"Nikaze vipi? Lazima pembe iinuliwe, na mama yumo juu. Mikono ninayo miwili."

"Basi atoke nje kidogo, mimi niingie."

"Hawezi kusimama, bwana." Alisema polepole, kama mtu anayenijulisha jambo ambalo na yeye ameanza kulijua hapo hapo. "Na kitanda alichomo si cha kushikwa na wewe."

Nikatia bolti mfukoni. Usiku ule kitanda kilipolia, nilikohoa. Sikukusudia. Koo tu. Kikanyamaza, kisha kikalia tena kidogo, nami nikakohoa tena. Tangu hapo ikawa hivyo, akigeuka nakohoa. Sikumwambia mtu, kwani ningemwambia nini? Kwamba namsaidia?

Jirani alisikia. "Hicho kifua kitazame," aliniambia asubuhi.

Kiangazi kilipokaza, na upepo wa vumbi ukawa unazunguka uani, mama alisema anataka kwake. Hataki kufia mjini, anataka ngozi yake. Kumpanda punda hakuweza tena. Ilibidi abebwe kitandani, na kitanda kinataka watu wanne. Shemeji zangu walikuja wawili. Jirani akasema goti lake litajitahidi. Wanaume wengine wa mtaa walikuwa wamekusanywa na askari kubeba mizigo ya boma, na waliobaki walikuwa wamejificha wasikusanywe. Tulihesabu mara mbili. Watatu.

Shemeji mkubwa alinitazama, kisha akatazama chini. "Mama afunikwe," akasema. "Afunikwe tangu utosini. Wewe ushike miguuni, utazame kando."

"Na mkono wangu juu ya kitanda chake?"

"Chuma ni chuma. Tutaulizwa sisi."

Mlango ule haupitishi kitanda kizima. Nikageukia ukuta wakati wanamtoa. Nilisikia nyayo zake zikiburuta, na pumzi. Wakamweka kivulini kwa jirani, akafunikwa kaniki, ndipo wakanitolea vyuma vipande vipande. Nikakiunga kitanda mimi mwenyewe pale uani. Nilipofika pembe ya miguuni nikaitoa bolti mfukoni, nikaitia, nikaikaza kwa spana hadi ikakataa kugeuka. Kigingi nikakitia mfukoni badala yake. Nikakitikisa kitanda. Kimya kabisa. Nilifurahi kama mjinga.

Tukaenda. Mimi nilishika pembe ile ile. Mbele yangu palikuwa na kaniki nyeusi na umbo dogo chini yake, na macho yangu nilikuwa nimeyatupa huko kwenye miiba ya njiani. Ila mikono yangu ni ya sokoni, ilikadiria uzito bila kuniuliza. Sikuutaja, wala hapa siutaji.

Tulipumzika kwenye kijito kikavu. Chini ya kaniki sauti ikasema kitu kwa Kigogo, nyepesi. Mke wangu akainama kusikiliza, kisha akanigeukia.

"Mama anauliza kitanda kimekuwaje. Hakilii."

"Mwambie nimekitengeneza. Nimetia bolti."

Akamwambia. Sauti ikasema tena.

"Anasema, asante." Mke wangu alifuta vumbi mdomoni. "Anasema, kilipokuwa kinalia ulikuwa unakohoa. Alikuwa anajua kuna mtu."

Nilitazama miiba. Kigingi kilikuwa mfukoni, spana nilikuwa nimekwisha kuirudisha kwa mwenyewe. Jirani, ambaye hakosi neno, alijishughulisha na goti lake.

Kwao mlango ulikuwa mfupi kuliko wa kwangu. Kitanda kikabaki uani, mama akaingizwa ndani kwa mikono ya wanawe, akalazwa juu ya ngozi yake. Mbuzi wakakipanda kitanda kabla godoro halijapoa. Mimi nikapewa mahali nyuma ya zizi la ng'ombe, usawa wa ukuta wa chumba chake, nikatandika jamvi.

Ngozi ya ng'ombe hailii. Usiku ule nilikaa nimetega sikio na sikusikia kitu, kwa hiyo sikujua ni saa ngapi anageuka na ni saa ngapi hageuki. Nikakohoa kwa kukisia. Nikasubiri, nikakohoa tena. Ng'ombe mmoja alihema. Kulipopambazuka mke wangu alitoka nyuma, akasimama mbali kidogo, na mikono yake ilikuwa kichwani.

"Ulikuwa unakohoa usiku kucha," alisema.

"Alisikia?"

Hakujua. Alikuwa amesinzia kidogo, na alipoamka mama alikuwa amekwisha kwenda.

Kitanda nilikirudisha mjini, kwa kuwa chuma hakitupwi. Mke wangu analala juu yake, mimi nalala chini kwenye jamvi, maana kulala alipolala mkwe haiwezekani hata akiwa hayupo. Nilikiunga kwa bolti saba na kigingi. Alipopanda siku ya kwanza kikalia, akatulia, akiwa ameshika ukingo.

"Bolti ilipotea njiani?" aliniuliza gizani.

"Ninayo."

Akajigeuza taratibu, kikalia tena, nami nikakohoa.