Ndala Iliyopinduka

Ziara ilikuwa ya nusu siku tu, na mwongozaji wetu alitukimbiza hekalu hadi hekalu kama watu waliochelewa harusi. Tulipotoka katika hekalu la mwisho la Kibudha, moshi wa ubani ulitufuata hadi mlangoni. Hapo, kati ya viatu vya waumini, ndala moja ilikuwa imepinduka, soli juu.

Kwa mawazo nikarudi kijiji cha Marui. Nilikuwa mtoto, nimeshikwa mkono na bibi, tunatoka kwenye hitima ya ndugu yake. Kanga yake ilinukia ubani, na viganja vyangu vilikuwa bado na mafuta ya pilau. Basi la mwisho la kuturudisha Kisarawe lilisimama mbele ya nyumba, likipiga honi. Bibi alikwishaweka mguu kwenye ngazi alipotupa jicho mlangoni tulikotoka na kuiona ndala ya mtu, soli juu. Akashuka.

“Bibi, gari linaondoka!” kondakta akapaza sauti.

“Liende,” bibi akajibu bila kugeuka. “Siachi kiatu cha mtu kinamwonyesha Mungu soli.”

Akaenda taratibu, akaigeuza, akaifuta vumbi, akaiweka sambamba na mwenzake. Basi halikuondoka. Dereva alizima injini, na abiria wakawa wanachungulia miguu yao.

Pale hekaluni, wenzangu walikuwa wameshapanda. Mwongozaji alinipigia kelele kwamba gari linaondoka. Nilikuwa nimeinama, ndala ya mtu nisiyemjua mkononi.

“Liende,” nikamjibu, kwa Kiswahili.