Boksi Letu la Juu ya Kabati

Duka la Ami Fida lilinuka plastiki mpya na chai ya iliki. Lilikuwa katika kichochoro cha Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, na lilikuwa jembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene wakikutana ndani, mmoja alilazimika kurudi kinyumenyume hadi mlangoni. Vitu vya watoto vilipangwa pande zote mbili mpaka darini: mipira isiyojazwa upepo, wanasesere, magari ya betri. Juu kabisa, mahali ambapo Ami Fida mwenyewe hakufika bila ngazi, palikuwa na boksi kubwa la matofali madogo ya plastiki, yale yanayobanana moja juu ya jingine mpaka yawe kitu. Ungeyaunganisha ya boksi lile, ungepata nyumba ya ghorofa tatu yenye roshani, mapazia na ngazi ya ndani. Picha yake niliijua kuliko nilivyoijua sura ya mwalimu wangu wa hesabu. Nilikuwa na miaka minane, na kila nikitumwa chumvi nilipitia kwanza kwa Ami Fida kuisalimia nyumba yangu.

Kaka yangu Athumani, aliyenizidi miaka minne, aliitaka pia, ila kwa sababu nyingine kabisa. Binamu yetu aliyeishi Maskati alikuwa amemweleza kwa simu kwamba maboksi ya namna hii kiwanda huyatengeneza kwa muda tu, kisha huacha. Kikishaacha, wako watu duniani wanaoyatafuta kwa udi na uvumba, na bei yake hupanda mwaka hadi mwaka, alimradi boksi halijafunguliwa. Athumani alikuja kunisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini, macho yamemtoka, kana kwamba ameonyeshwa mlango wa hazina. Mimi nilichosikia ni kwamba tutanunua nyumba. Idi iliyofuata wenzetu walikwenda uwanja wa Makadara kupanda pembea na kula mabuyu mpaka midomo ikawa myekundu. Sisi tulizunguka kwa mashangazi na majirani kupewa mkono wa Idi, tukabusu mikono ya wazee mpaka midomo ikachoka, na hatukutumia hata senti. Tulifanya hivyo Idi mbili mfululizo. Ya pili ilipokwisha tulisimama mbele ya Ami Fida na kopo la maziwa ya unga lililojaa noti zilizokunjwakunjwa.

"Masalkheri, Ami. Twalitaka lile la juu," Athumani alisema.

Ami Fida alipanda ngazi yake, akaliteremsha, akalipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu. "Mwaenda kulijenga leo leo?"

"Hatulijengi. Twaliweka."

Ami Fida alimtazama, akanitazama mimi, nafikiri akaona usoni mwangu jinsi nilivyovunjika moyo. "Maskini huyu," alisema, akanipa peremende ya bure.

Tangu siku hiyo boksi likakaa juu ya kabati la mama, limevikwa leso kuukuu, kwa miaka miwili mizima. Nawaambia kweli, hakuna mtoto wa Mombasa aliyeteseka kama mimi. Nusu ya boksi ilikuwa yangu, na nusu hiyo sikuruhusiwa hata kuitazama. Kaka alipokwenda chuoni kusoma Kurani nilipanda kiti, nikaliteremsha na kulitikisa taratibu, sikio nimelibandika ubavuni. Vipande vilikwenda shaa, shaa, na mimi nikajaribu kusikia kipi ni dirisha na kipi ni mlango. Siku moja alinikamata. "Usitikise!" alipiga kelele. "Kila ukitikisa bei yashuka!" Nilimwamini. Nilikaa wiki nzima nikihofia kwamba nimetufilisi.

Likizo ya Desemba ya mwaka wa pili, joto la kaskazi limeshika hata kuta za mawe, binamu alipiga simu na habari kubwa. Alikuwa ameweka picha ya boksi letu mtandaoni, na bwana mmoja wa Nairobi, mkusanyaji wa maboksi haya, angefika Mombasa Jumamosi kulitazama. Kama kweli lilikuwa halijafunguliwa, angelinunua kwa mara nne ya bei tuliyotoa. Athumani hakulala. Kwa pesa zake angenunua maboksi mawili, na mawili yangezaa manne. Zangu zilikuwa baiskeli nyekundu, ambayo tayari nilikuwa nimeahidi kuwapandisha watoto saba wa mtaani. Hata hivyo, sikutaka boksi liondoke bila mimi kuona kilichomo.

Aliyefurahi bila dosari yoyote alikuwa Nana, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye. Nana hakuona ajabu katika mambo ya kuweka kitu bila kukitumia. Chumbani kwake mlikuwa na vidaka, zile rafu zilizochongwa ukutani katika nyumba za zamani, na ndani yake sahani za kauri za samawati alizorithi kwa mama yake. Hakuna aliyewahi kuzilia chakula. Zilishushwa mara moja kwa mwaka, zikafutwa vumbi, zikarudishwa. Kwa hiyo Nana ndiye pekee aliyemheshimu Athumani kama mtu mwenye akili, na Ijumaa ile, tulipokuwa tumetoka, alitaka kumsaidia.

Tuliporudi alasiri nyumba nzima ilikuwa imejaa moshi mtamu. Katikati ya chumba palikuwa na chetezo chenye makaa na udi. Juu yake Nana alikuwa ameweka kile kitenga anachofukizia nguo za arusi, na juu ya kitenga, bila leso, lilikaa boksi letu.

"Mwaona?" alisema Nana, ameridhika kabisa. "Limekaa tangu adhuhuri. Kitu hakitoki nyumbani kwangu kwenda kwa watu kikinuka mende."

Athumani alilinyanyua. Lilikuwa la moto. Gundi ilikuwa imelainika, na vile vibandiko vya duara vilivyofunga mfuniko vilikuwa vimeachia, vimejikunja pembezoni. Chini palikuwa na doa la hudhurungi lenye ukubwa wa sahani. Kaka yangu alilibeba mpaka chumbani, akafunga mlango, na nikamsikia akilia, yeye ambaye hakulia hata alipotahiriwa, kwa maneno yake mwenyewe.

Mgeni alifika Jumamosi asubuhi, bwana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alikula mahamri mawili kabla ya kuomba kuliona. Alilileta puani, akatabasamu. "Linanukia vizuri sana," alisema. Kisha akaligeuza, akapitisha kidole kwenye vibandiko. Akatueleza bila ukali kwamba wakusanyaji hawataki boksi lililoachia, na harufu ndiyo kabisa. Angeweza kuturudishia kile tulichotoa dukani, basi.

Nana alikuwa ameketi mkekani. Aliuliza polepole, "Ni ule udi? Mimi ndiye niliyewaharibia?"

Sijapata kumpenda kaka yangu kama nilivyompenda dakika ile. Alikuwa na miaka kumi na minne, mipango ya miaka miwili imeteketea mbele yake, na ilimbidi ajibu. "La, Nana," alisema. "Hukuharibu kitu. Tulikuwa hatujaamua kuuza." Halafu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu aliniuliza rai yangu. "Ama vipi, Mwanaisha? Nusu ni yako. Tuuze?"

Baiskeli nyekundu ilinipita akilini na watoto wote saba. "Tufungue," nilisema.

Kelele nilizopiga mfuniko ulipoinuka ziliwaleta majirani. Ndani mlikuwa na mifuko na mifuko, na kitabu kinene cha picha. Athumani alisema lazima tutenge vipande kwa rangi, akauliza kama mama ana bakuli za kutosha. Nana aliinuka, akaingia chumbani kwake, akatoka amebeba zile sahani za samawati, tano, zimepandana, anatembea kana kwamba amebeba watoto wachanga. Akazipanga mkekani. "Nyekundu hapa," alisema. "Nyeupe hapa. Na asiyenawa mikono asiguse." Baba, aliyekuwa akipita kwenda dukani, alisimama mlangoni akizitazama sahani zile, akavua viatu, akakaa. Hata yule bwana wa Nairobi aliomba abaki kidogo. Kwao alikuwa na maboksi chumba kizima, alituambia, na hajafungua hata moja. Alijenga mlango wa mbele kwa mkono wake, akaufungua na kuufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nyumba ilitumalizia likizo yote. Tulijenga asubuhi kabla jua halijawa kali, tukajenga jioni tukila mihogo ya kule ufukweni Mama Ngina yenye pilipili na ndimu, tukigombana nani ataweka roshani. Niliweka mimi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka, na siku tulipobana tofali la mwisho nilisikitika kama mtu anayeaga wageni.

Nana ametangulia mbele ya haki, na duka la Ami Fida sasa linauza simu. Kaka yangu anaishi Nyali na ameyapata maboksi yake, mawili yakazaa manne kama alivyosema. Huyanunua, huyaweka miaka, huyauza ng'ambo, na yamemlipia hata paa la nyumba. Simcheki, ni kazi ya halali na anaijua. Mwezi uliopita alinipigia kunipa bei ya siku hizi ya lile la kwetu, kama lingekuwa bado limefungwa. Ningenunua baiskeli za mtaa mzima. Nilimuuliza, kwa uchokozi, yale anayouza ndani yana nini. Alinitajia majina, miaka na bei. Kilichomo ndani hakukijua.

"Na letu je?" nilimuuliza.

"Letu?" Alicheka. "Ghorofa ya pili, nyuma ya kabati, mna panya wa plastiki. Nilimtia wewe umelala, maana ulikuwa waogopa panya. Sikukwambia."

Nyumba ile ninayo mimi, sebuleni. Nimeipangusa miaka yote hii, na nilidhani hakuna tofali nisilolijua. Nilimwambia asubiri, nikawasha tochi ya simu, nikafunga jicho moja na kuchungulia kwa dirisha la ubavuni, nyuma ya kabati. Alikuwepo, mdogo kama punje ya choroko, amekaa kimya pale pale alipowekwa na kaka yangu.