Goti la Cecilia

Watu wa Mafiga, mjini Morogoro, walimjua Mwaisha kwa vitumbua vyake asubuhi na kwa miguu yake Jumamosi jioni. Akicheza walzi na Yunusi, fundi seremala aliyekuwa mwenzake wa dansi, hata walevi walinyamaza kumtazama.

Mwaka wa hamsini na nne mashindano ya dansi ya Tanganyika nzima yakaletwa Morogoro. Mtu mmoja tu ndiye aliyemnyima Mwaisha usingizi: Cecilia, muuguzi wa Dar es Salaam, bingwa wa mwaka uliotangulia.

Siku moja kabla ya fainali, Cecilia alipokuwa akitoka mazoezini, mtu aliyejifunika shuka usoni alimpiga rungu la goti, akatokomea kwenye mashamba ya mkonge. Habari zilipomfikia Mwaisha, kabla mdomo haujasema “maskini,” moyo wake ulikwishashusha pumzi. Hilo alilijua yeye peke yake, nalo lilimtafuna.

Kesho yake Cecilia aliletwa ukumbini akiwa amebebwa, akaketishwa mbele, mguu umefungwa bendeji. Mwaisha akacheza kuliko alivyowahi kucheza. Alipokabidhiwa kombe, askari wawili waliingia wakamkamata Mwinjuma, kaka yake, aliyekuwa akipiga makofi kuliko wote. Mlinzi wa mashamba ya mkonge alikuwa amemwona akivua shuka, akamtambua.

“Muulizeni dada yake!” mtu akapaza sauti. “Nani alimtuma?”

Mwaisha akageuka kumtafuta Yunusi. Alikuwa amekwisha kujisogeza pembeni, anatazama viatu vyake.

Polisi walimhoji, wakamwachia. Watu hawakumwachia. Waandaaji walilichukua kombe lao, vitumbua vikadoda, na Yunusi akatafuta mwenzake mwingine. Mchuma janga hula na wa kwao. Mwinjuma alichuma, Mwaisha akala fungu kubwa.

Mwaisha alikwenda kumwona kaka yake mara moja tu, gerezani Kingolwira. Hata shikamoo hakumpa.

“Nilikutendea wema, mdogo wangu,” Mwinjuma alisema.

“Ningemshinda kwa miguu yangu, kaka.”

“Basi mbona ulikuwa unalia, unasema yule hashindiki?”

Mwaisha akainuka. Akaondoka.

Miaka minne baadaye, akiuza vitumbua stesheni ya Morogoro, alimwona Cecilia akichechemea kwenye jukwaa la abiria. Akaacha sinia lake, akamfuata.

“Dada Cecilia, mimi ni Mwaisha.”

“Nakujua.”

“Sikumtuma mimi. Wallahi.”

“Najua pia.” Cecilia alimtazama bila chuki, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Nilikuwa nakuogopa, unajua? Siku ile ningeshindwa na wewe kwa haki, ningerudi kwetu nikalala usingizi wangu. Sasa mimi sijui, na wewe hujui.”

Mwaisha alitaka kuomba radhi kwa ile pumzi aliyoishusha. Lakini treni ikaingia, na Cecilia akapanda, mguu mmoja kwanza, wa pili akiuvuta kwa mkono.